Kufundisha Watoto Sehemu kwa Mashine: Mema Yake na Upungufu Wake

Mtoto wa miaka mitano, hata kama hajaingia shule, ajua nusu. Mkatie yeye na ndugu yake muhogo mmoja wa kuchoma, nawe umpe yeye kipande kilicho kidogo, utasikia malalamiko yake kabla hujaketi. Wala hakufundishwa na mtu. Lakini mtoto huyo huyo afikapo darasa la tatu au la nne, mwalimu akaandika ubaoni 1/4 na 1/8 na kuuliza ni ipi iliyo kubwa, atajibu pasipo kusita kwamba ni 1/8, maana 8 yapita 4. Katika muhogo hakosei. Katika tarakimu akosa. Ni kana kwamba kati ya muhogo na ubao pana mto, na watoto wengi huzama pale, wasiipende hesabu tena maisha yao yote.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya watoto wetu peke yao. Katika Marekani, mwaka 1978, watoto wa miaka 13 waliulizwa katika mtihani wa taifa wakadirie tu jumla ya 12/13 na 7/8. Kila moja ya sehemu hizo yakaribia 1, basi jumla yake yakaribia 2. Walipewa majibu ya kuchagua: 1, 2, 19 na 21. Waliochagua 2 walikuwa 24 katika kila 100. Waliochagua 19 walikuwa 28, na waliochagua 21 walikuwa 27. Tazama jinsi walivyofikiri: 12 na 7 ni 19, 13 na 8 ni 21. Waliona tarakimu nne zimepangwa, wasione hata kitu kimoja kilichokatwa. Nao walikuwa watoto wenye madawati, vitabu na taa za umeme.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 2012 mtaalamu Robert Siegler na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa Uingereza na wa Marekani. Waliona kwamba ujuzi wa mtoto katika sehemu na kugawanya, apatapo miaka kumi hivi, waonyesha jinsi atakavyoendelea katika hesabu za juu miaka kadha baadaye, hata wakiisha kuzingatia akili ya mtoto na mapato ya wazazi wake. Na sisi wa vijijini hatuhitaji kwenda mbali. Mama aambiwaye ampe mtoto mgonjwa nusu ya kidonge, na mkulima asomaye kwamba atie robo ya lita ya dawa katika maji ya kunyunyizia mimea, hao wote wamo katika hesabu ya sehemu. Akosaye hapo hapati alama nyekundu daftarini. Hupata msiba au hasara ya shamba.

Basi siku hizi imetokea njia mpya ya kuwavusha watoto mto huo, nayo ni michezo ya kujifunzia iliyomo katika mtandao wa intaneti. Wako walimu waisifuo kana kwamba imemaliza kazi, na wako wazee waidharauo kwa kusema ni upuzi wa kupotezea wakati. Naona yafaa tuipime kwa haki. Sitaipima yote, maana ni mingi mno. Nitaipima ile ya Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, Marekani, iitwayo PhET. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mtaalamu wa fizikia ambaye mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa tuzo ya Nobel. Kwanza ilikuwa ya fizikia, kisha ikaenea hata hesabu za watoto. Nimeichagua kwa sababu mbili: hutolewa bure, tena yaweza kupakuliwa mara moja na kutumika baadaye pasipo mtandao. Kwa shule ya kijijini sababu hizo ni kubwa.

Mchezo wa kwanza huitwa Fractions: Intro. Mtoto huona duara tupu, na chini yake ndoo yenye vipande. Avuta kipande kwa kidole, akitia katika duara, na papo hapo tarakimu za kando zabadilika kufuata alichotia. Au aweza kufanya kinyume: abonyeza vishale vya kupandisha na kushusha tarakimu, na picha yenyewe yafuata. Tena duara laweza kuachwa, mtoto akachagua mstatili, au chombo cha kupimia maji, au keki, au mstari wa namba. Mchezo mwingine, Build a Fraction, humtaka mtoto aijenge sehemu aliyopewa kwa vipande au kwa tarakimu. Na wa tatu, Fraction Matcher, humpa mizani mbili. Aweka picha au sehemu moja huku na moja huko, kisha ataka kuhakikishiwa kama ni sawa.

Nianze na mema, maana yapo, na si haba.

Jema la kwanza ni hicho kishale cha tarakimu ya chini, ambayo vitabu vyetu vya hesabu huiita asili. Mtoto aliye na kipande kimoja katika vinne, akipandisha asili toka 4 hata 5, kisha 6, kisha 8, aona kwa macho yake kipande chake kikipungua kila abonyezapo. Namba yapanda, kipande chashuka. Mwalimu aweza kulisema neno hili mara mia, na mtoto akaitikia mara mia, wala lisiingie. Hapa laingia kwa kidole na kwa jicho pamoja, tena mtoto mwenyewe ndiye alifanyaye. Ubao hauwezi kufanya hivyo. Chaki hufuta na kuchora upya, na kati ya picha ya kwanza na ya pili mtoto amekwisha kusahau.

Jema la pili ni wingi wa maumbo. Katika shule nyingi sehemu hufundishwa kwa duara peke yake, hata mtoto hudhani 3/4 ni jina la umbo fulani lenye pembe iliyokatwa. Ukimwonyesha 3/4 ya kamba hakutambui. Mchezo huu wamwonyesha 3/4 ile ile katika duara, katika chombo cha maji, na juu ya mstari wa namba. Mstari huo ndio nausifu kuliko vyote, kwa maana wafundisha kwamba sehemu ni namba kama namba nyingine, yenye mahali pake kati ya 0 na 1, au kupita 1. Mtoto akitaka 5/4, duara moja halitoshi. Yampasa kufungua la pili. Hapo ajifunza asichojifunza kwa maneno, ya kwamba sehemu yaweza kuwa kubwa kuliko kitu kizima kimoja.

Jema la tatu ni kwamba kosa lake halina aibu. Katika darasa lenye watoto wengi, mtoto mwoga hanyoshi mkono, maana wenzake watamcheka. Mbele ya mashine akosa na kurudia mara kumi, wala hakuna acheze kwa dhihaka. Nimeona wasichana wasiosema neno darasani wakibishana kwa sauti juu ya vipande hivyo. Mwalimu asiyeliona hilo kuwa faida hajui kazi yake.

Sasa nitaje upungufu, nao wapasa kusemwa wazi ili tusinunue kitu kwa sifa za mwenye kuuza.

Upungufu wa kwanza ni kwamba mashine hukata yenyewe, tena hukata sawasawa daima. Mtoto ambonyezea 3, naye apata vipande vitatu vilivyo sawa kabisa. Je, amejifunza nini juu ya usawa? Mpe mtoto huyo muwa na kisu, umwambie agawe katika vitatu sawa. Wengi hukata katikati kwanza, kwa kuwa wamezoea nusu, kisha wakashangaa kwamba wamekwisha kuharibu. Wengine hukata mara tatu, wapate vipande vinne, maana hawakujua kwamba vipande vitatu vyataka kukatwa mara mbili tu. Na wengine hupata vitatu visivyolingana, kimoja kirefu na viwili vifupi, wakaviita kila kimoja thuluthi pasipo haya. Roho ya sehemu ni usawa, na usawa ni kazi: hupimwa, hukunjwa, hulinganishwa, hurekebishwa. Mashine yampa mtoto matunda ya kazi hiyo bila kazi yenyewe.

Upungufu wa pili ni kwamba kitu kizima cha mashine kina ukubwa ule ule. Duara moja na duara la pili ni sawa siku zote. Basi mtoto hapati sababu ya kuuliza swali lililo kubwa kuliko yote: Nusu ya nini? Chukua pishi ya mchele. Pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo robo ya pishi ni kibaba kimoja kizima. Sasa mwulize mtoto, ni ipi iliyo nyingi, robo ya pishi au nusu ya kibaba? Aliyekariri kwamba nusu yapita robo atajibu nusu, naye atapunjwa sokoni. Aliyezoea kuuliza "ya nini?" atajibu sawasawa. Watu husema haba na haba hujaza kibaba; na mimi nasema yafaa mtoto ajue ni haba ngapi, na kibaba cha nani.

Upungufu wa tatu ni mdogo, lakini utawagusa wasomaji wa gazeti hili. Katika ukurasa wa kwanza wa Fractions: Intro asili haipandi kupita 8. Basi fungu la kumi, ambalo kila mtoto wa nyumba ya Kikristo amelisikia likitajwa, haliwezi kukatwa pale. Nalo ni la zamani mno katika hesabu. Iko karatasi ya mafunjo ya Misri, iliyoandikwa na mwandishi Ahmose kama miaka 1550 kabla ya Kristo, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, huko London. Mwanzoni mwake zimo hesabu za kugawia watu 10 mikate. Mikate 6 kwa watu 10 jibu lake ni hili: kila mtu apate 1/2 na 1/10. Yaani mikate mitano ikatwe katikati, yatoke manusu kumi. Na mkate wa sita ukatwe vipande kumi. Kila mtu apata vipande vya namna moja na mwenzake, wala hapana awezaye kunung'unika. Afrika ilikuwa ikikata mikate kwa haki kabla ya ubao na kabla ya mashine, na watoto wetu wastahili kulijua hilo.

Upungufu wa nne ni alama na nyota. Mashine yamwambia mtoto kwamba amepata au amekosa. Haimwulizi kwa nini. Basi mtoto mwerevu hubahatisha, akahesabu nyota zake, akajiona amehitimu. Ukimwuliza, "Umejuaje kwamba 2/6 na 1/3 ni sawa?" atakujibu, "Imekubali." Jibu hilo ni la mtu aliyefungua kufuli kwa kujaribu funguo zote mfululizo, hana habari ya mlango.

Upungufu wa tano ni wa chombo chenyewe. Wataka umeme, wataka mtu wa kukitengeneza, tena huzeeka upesi. Kazi nyingi za kwanza za PhET ziliandikwa kwa lugha za kompyuta ziitwazo Java na Flash. Flash ilikoma mwisho wa mwaka 2020, nayo michezo iliyoitegemea ilikuwa haina budi kuandikwa upya au kufa. Wenye PhET waliandika upya mingi yao, nao wasifiwe; michezo ya wengine ilipotea. Muwa haujapata kukoma kwa sababu ya uamuzi wa mtu aliye ng'ambo.

Liko neno jingine, nalo ni la lugha. Kiswahili chetu kina majina mazuri ya sehemu, tuliyoyapata toka Kiarabu: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni. Majina haya yaishi midomoni mwa watu. Katika sheria ya mirathi ya jirani zetu Waislamu, mjane ambaye mumewe hakuacha watoto hupata robo, na ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni. Basi mjane asiyejua kusoma ajua kwamba thumuni ni ndogo kuliko robo, wala hadanganywi na 8 na 4. Lakini majina hayo yana siri: mtoto asiyejua Kiarabu hasikii "nne" ndani ya neno robo. Na kwa upande wa pili, walimu wasemao "moja juu ya nne" humfanya mtoto asikie namba mbili zilizopandana kama matofali, asisikie kitu kilichokatwa. Mtu yeyote atakayeitia michezo hii katika Kiswahili, na mwalimu yeyote atakayeifafanua darasani, na aseme yote mawili: "Robo, yaani kipande kimoja katika vipande vinne vilivyo sawa." Ni maneno mengi, lakini ndani yake mna mto wote na daraja lake.

Basi tufanyeje? Kwa maoni yangu mashine ni njema ikija ya tatu, nayo ni mbaya ikija ya kwanza.

Kwanza mkono. Watoto wakunje ukanda wa karatasi au wa jani la mgomba mara moja, mara mbili, mara tatu, wahesabu: viwili, vinne, vinane. Kisha watafute thuluthi kwa kamba, wakiirekebisha hata mikunjo mitatu ilingane. Wakikosa, wakose sana, maana hapo ndipo wajifunzapo usawa. Wapime maji na mchanga kwa kibaba na kwa chupa.

Pili mdomo. Kila alichokata mtoto akitaje kwa maneno, na mwenzake aulize, "Ya nini?" Asiyeweza kutaja asipewe kisu tena mpaka atakapotaja.

Tatu mashine. Shule yenye simu moja au kompyuta moja isione haya. Watoto wanne au watano waizunguke, na sheria iwe moja tu: mtu asibonyeze kabla hajasema litakalotukia. "Nikipandisha asili toka 4 hata 5, kipande changu kitapungua." Kisha abonyeze, waone wote kama alisema kweli. Kwa sheria hiyo peke yake kubahatisha kwapungua sana, na nyota zaacha kutawala. Tena chombo kimoja kwa watoto watano, kwa namna hii, naona chafundisha kuliko vyombo vitano kwa watoto watano, kwa maana palipo watu watano mna mabishano, na katika mabishano mna hoja.

Nne kalamu. Tarakimu zije mwisho, zikiwa jina la jambo ambalo mtoto amelifanya, amelitaja na ameliona. Hapo 1/8 na 1/4 hazitamdanganya tena.

Wazee wasemao kwamba huu ni mchezo tu, nawajibu kwa heshima kwamba bao nalo ni mchezo, na mchezaji wa bao asiyeweza kuhesabu hashindi. Vijana wasemao kwamba mashine yatosha, nawaomba wampe mwanafunzi wao muwa na kisu, watazame. Na kamati za shule zinazochanga fedha, nazishauri zisinunue chombo kabla hazijauliza ni mwalimu gani atakayekaa nacho pamoja na watoto, na kwa saa ngapi. Chombo kisicho na mwalimu kando yake hugeuka upesi kuwa cha kutazamia picha.

Wazazi nao wana sehemu yao katika kazi hii, na haihitaji senti moja. Samaki mkunje angali mbichi. Leo jioni, mama akigawa chakula, amwite mtoto aliye darasa la tatu na kumpa machungwa matatu, ayagawe kwa watu wanne pasipo kubakiza. Asimsaidie upesi. Amwache afikiri, akate, aharibu chungwa moja kama ni lazima. Kisha amwulize maneno mawili: kila mtu amepata kiasi gani, na cha nini? Mtoto akijibu, mwalimu wake ataijua nyumba hiyo kesho yake asubuhi, kabla hata hajashika chaki.